Kumpenda staa kwa Kiswahili: Kwa nini riwaya zetu haziwezi kucheka?

JUZI nilipanda matatu mjini Embu nikielekea Meru. Tulipopita Runyenjes na kuanza kuteremka kuelekea Mto Thuci, msichana aliyeketi kando yangu akaangua kicheko. Alikuwa anasoma kitu kwenye simu. Tulipofika Chuka alikuwa amecheka mara nne, na uvumilivu wangu ukaisha.

“Unasoma nini, binti?”

Akanigeuzia simu. Ilikuwa riwaya ya Kiingereza, Romantic Comedy, ya Mmarekani Curtis Sittenfeld, iliyotoka mwaka 2023. “Ni dem mmoja ameanguka kwa staa,” akanieleza. “Na yeye mwenyewe ni mtu wa kawaida tu. Aki inachekesha.”

Nikajitambulisha kuwa mwalimu wa Kiswahili, jambo ambalo nimejifunza kutolifanya ndani ya matatu, kisha nikamuuliza: na hadithi hii ingeandikwa kwa Kiswahili, ungeisoma? Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa.

“Mwalimu, Kiswahili si ni cha mtihani? Mtu akikukatia kwa Kiswahili sanifu unaweza dhani anakusomea taarifa ya habari.”

Abiria wa kiti cha mbele wakacheka. Hata makanga akacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile lilinifuata hadi Makutano na likaingia nami nyumbani. Niliitafuta riwaya yenyewe, nikaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Makala ya leo ni jibu nililopaswa kumpa binti yule kabla hatujafika Nkubu.

Nianze na riwaya yenyewe, maana si haki kumlaumu mtu kwa kusoma kitabu ambacho hatujakifungua. Mhusika mkuu ni Sally Milz, mwandishi wa vichekesho katika kipindi cha runinga kiitwacho The Night Owls. Kipindi hicho ni cha kubuni, lakini yeyote anayekijua Saturday Night Live, kipindi ambacho Wamarekani wamekitazama tangu mwaka 1975, atakitambua mara moja. Sally amewahi kuolewa na kuachana. Hajioni mrembo. Kazi yake ni kuwatungia wengine maneno ya kuchekesha. Juma moja mwaka 2018 anakuja mwanamuziki mashuhuri, Noah Brewster, kuwa mwenyeji na mwimbaji wa kipindi. Wanafanya kazi pamoja siku chache. Wanataniana. Kisha Sally, kwa kuogopa kile anachokihisi, anayaharibu mambo kwa mdomo wake mwenyewe, na wanaachana kila mtu na njia yake. Miaka miwili baadaye, korona ikiwa imefungia watu majumbani, Noah anamwandikia baruapepe. Sehemu nzima ya pili ya kitabu ni barua hizo. Ya tatu ni safari ya Sally kumfuata Los Angeles, na kipimo cha mapenzi yao kinakuja baba yake wa kambo anapoupata ugonjwa huo.

Kama mhakiki, sitaisifu riwaya hii kupita kiasi. Sehemu ya kwanza ndiyo bora. Mwandishi anatupitisha siku baada ya siku katika juma la kazi, hadi tunajua jinsi kichekesho kinavyozaliwa Jumatatu, kinavyokatwakatwa katikati ya wiki, na kinavyoweza kufa Jumamosi jioni. Mapenzi yanaota ndani ya kazi, kama magugu kwenye shamba la mahindi, bila mtu kuyapanda. Sehemu ya tatu inalegea. Noah ni mtu mwema mno. Ana pesa, na kila mlango unaokwama pesa inausukuma. Mtu anayekosa dosari hachekeshi sana, na riwaya hii inapoacha kuchekesha inabaki kuwa tangazo la nyumba nzuri.

Hata hivyo kuna jambo moja katika kitabu hiki ambalo wasomaji wetu wa Meru na Embu wangebishana juu yake hadi usiku. Sally ana mwenzake kazini aitwaye Danny Horst, mwanamume wa kawaida kabisa, ambaye amechumbiana na mwigizaji maarufu. Sally anakasirika, anaandika kichekesho kuhusu anachokiita Kanuni ya Danny Horst. Kanuni inasema hivi: mwanamume wa kawaida anaweza kumpata mwanamke staa, lakini mwanamke wa kawaida hawezi kumpata mwanamume staa. Riwaya nzima ni jaribio la kuivunja kanuni hiyo.

Sasa ichukue kanuni hiyo uipandishe matatu hadi huku kwetu. Haitafika Chuka ikiwa nzima. Huku staa wa kiume akioa msichana wa kawaida wa kijijini, nani atashangaa? Fikiria dereva wa pikapu ya miraa kutoka Maua, yule ambaye kila mtoto wa Nyambene anajua honi yake. Fikiria mtangazaji wa Muuga FM kule Meru au wa Wimwaro FM kule Embu, ambaye sauti yake imeamsha nyumba elfu moja kabla jogoo hajawika. Huyo akioa mwuzaji wa ndizi, wazee watampongeza kwa kukumbuka kwao. Lakini mtangazaji huyo akiwa mwanamke, na mume akiwa mtu wa bodaboda? Hapo ndipo vijiwe vitakapochemka. Mume atapoteza jina. Ataitwa “bwana ya fulani” hadi siku ya mazishi yake.

Kwa hiyo kanuni yetu imesimama kichwa chini. Na hilo linamaanisha kwamba riwaya yetu ya kumpenda staa haiwezi kuwa tafsiri ya Sittenfeld. Ikitafsiriwa tu, msomaji wa Runyenjes atauliza: shida iko wapi hapa? Kichekesho chetu kiko kwa mwanamke mwenye jina na mwanamume asiye nalo.

Msomaji makini wa fasihi ya Kiswahili atanikumbusha kwamba hadithi hiyo tunayo tayari. Ni kweli. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, mama yake Kongowea Mswahili ni Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab aliyevuma Tanga. Staa ni yeye. Mwanamume aliyempenda ni mgeni kutoka Kenya. Lakini angalia Walibora alivyolitumia penzi hilo. Tunalipata likiwa limekwisha. Baba hayupo, mama anafariki mtoto akiwa bado mdogo, na kazi ya riwaya ni safari ndefu ya mtoto kumtafuta baba. Jinsi Zainabu na mpenzi wake walivyokutana, nani alianza kumtania mwenzake, mwimbaji alijibu nini siku ya kwanza, hayo tunayasikia kwa mbali. Siku Njema ni riwaya nzuri, na mimi ni mmoja wa maelfu walioililia darasani. Ila inaanzia pale ambapo riwaya nyepesi ya mapenzi ingeishia.

Wala Walibora si wa kwanza. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo, alikuwa staa kabla hatujawa na neno hilo. Shaaban Robert alimwandikia wasifu wa heshima kubwa. Katika kitabu hicho Siti ni kielelezo cha bidii, subira na utu. Ni heshima aliyoistahili, hasa kwa kuwa walikuwapo waliomdharau kwa asili yake. Lakini tangu hapo mwanamke mashuhuri katika maandishi yetu amekuwa wa aina mbili: ama ni wa kuigwa, ama ni wa kuhurumiwa. Wa kutaniwa hayupo.

Hebu tuyatazame majina ya vitabu teule ambavyo wanafunzi wetu wamevisoma kwa miaka mingi. Utengano. Mwisho wa Kosa. Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, hapo hapo kati ya Meru na Embu. Kidagaa Kimemwozea. Chozi la Heri. Utengano, kosa, kifo, kuoza, chozi! Sivibezi vitabu hivi. Nimevifundisha na nitavifundisha tena. Vimeyasema mambo ambayo yalihitaji kusemwa kuhusu uongozi, ndoa na ardhi. Lakini mtoto anayekutana na lugha kupitia orodha hiyo pekee, mwaka nenda mwaka rudi, ataamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kuwatangazia watu msiba.

Na wasichana katika orodha hiyo ndefu hufanywa nini wakipenda? Kwa jumla, huadhibiwa. Mfano wa zamani ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo wakubwa wa Tanzania waliona haifai shuleni. Rosa anapotoka kwenye ukali wa baba hana ujuzi wowote wa mahusiano na wanaume, na mwisho wake ni kifo. Kezilahabi alikuwa akiwalaumu wazazi, si Rosa. Sisi walimu ndio tulioichukua hadithi hiyo na kuigeuza kuwa onyo kwa Rosa.

Si kwamba Waswahili hawajawahi kuandika vitabu vya kusomwa kwa raha. Tanzania ina jadi nzima ya riwaya-pendwa. Faraji Katalambulla aliwapa wasomaji Simu ya Kifo mwaka 1965. John Simbamwene akafuata na Mwisho wa Mapenzi mwaka 1971. Ben Mtobwa akaandika Dar es Salaam Usiku, na Eric Shigongo akawafanya watu wasubiri gazeti ili wajue hadithi imefika wapi. Lakini utaona kwamba hata huko, mapenzi huja na bastola, au uchawi, au mume mwenye hasira nje ya mlango. Kwetu Kenya vitabu vya raha vilishika njia ya Kiingereza. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka 1971. David Maillu akaanzisha Comb Books na kutoa After 4.30, na vitabu vyake vikauzika hadi Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Kiswahili kikaachiwa darasa. Mchapishaji wa Kenya akipewa mswada wa Kiswahili, swali lake la kwanza huwa: utaingia shuleni? Na riwaya ambayo watu wawili wanacheka na kupendana, bila funzo la kuandika ubaoni, haina pa kuingilia.

Kwa hiyo binti wa matatu alikuwa na haki ya kukiona Kiswahili hivyo. Alichokosea ni kudhani kwamba kasoro iko ndani ya lugha. Turudi basi kwenye lugha, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Aliniambia kwamba dem “ameanguka kwa staa”. Siku hizi hata waandishi wanaoheshimika wanatuandikia kwamba fulani “alianguka katika mapenzi”. Huo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mswahili huanguka mtini, huanguka mtihani, au huanguka kifafa. Katika mapenzi, Mswahili huzama. Au hunasa. Au hutekwa. Kule Pwani na Tanzania mtu humzimikia mwenzake, hudata, hupagawa, hufa na kuoza. Vijana wa Kenya wao husema mtu ameingia boksi. Kila neno lina picha yake. Aliyezama amekwenda chini mwenyewe. Aliyenasa alikuwa na mtegaji. Aliyeingia boksi amekubali, na huenda mlango ameufunga kwa mkono wake. Mwandishi mwenye hazina hiyo anahitaji kuanguka kwa nini?

Ugumu wa kweli uko kwenye vitenzi vya kumwendea mtu. Sanifu ya shuleni inatupa mbili. Kuna kutongoza, neno lenye harufu ya madhara, kana kwamba anayefanya hivyo ana nia ya kuharibu. Na kuna kuposa, ambako tayari wazee wameketi na mbuzi wanahesabiwa. Kati ya kutongoza na kuposa, mtaala umeacha uwanja mtupu. Lakini mtaani uwanja huo umejaa: kukatia, kubembeleza, kuchombeza, kurusha maneno, kutania. Utani hasa. Lugha ambayo ina kanga zinazosema yale ambayo mdomo hauthubutu kuyasema, na taarab inayomsuta jirani ukumbini naye akaamka kutunza, haiwezi kuambiwa kwamba haijui mchezo wa maneno.

Huku kwetu mlimani kuna mchezo mwingine wa bure kabisa. Katika Kimeru na Kiembu, “kwenda” ni kupenda, na pia kutaka. Katika Kiswahili, kwenda ni kuondoka. Mwandishi wa vichekesho angelipa pesa apate ajali ya namna hiyo. Mtu mmoja anasema anapenda, mwenzake anasikia anaaga.

Na hapa ndipo nafikia hoja yangu kuu. Hadithi ya kumpenda staa ni hadithi ya umbali. Watu wawili wako mbali kwa jina, kwa pesa, kwa namna ya kuishi, na kicheko ndicho daraja. Katika riwaya ya Sittenfeld wote wawili wanazungumza Kiingereza kimoja tangu ukurasa wa kwanza, hivyo mwandishi ana kazi ngumu ya kuuonyesha umbali ukipungua. Anautumia mzaha, na anautumia vizuri. Lakini sisi tuna chombo ambacho yeye hana. Msichana wa Nkubu akikutana na mwimbaji kutoka Kisumu, watazungumza lugha gani? Si Kimeru. Si Dholuo. Kiingereza watakitumia dakika tano, kisha watachoka. Watazungumza Kiswahili. Kwanza kile cha heshima, cha “habari ya leo” na “nashukuru”. Baada ya wiki, “sasa” na “niaje”. Baada ya mwezi, mmoja atajaribu neno la nyumbani kwa mwenzake, alikosee, wacheke. Mapenzi ya Wakenya wa makabila mbalimbali yanasafiri njia hiyo kila siku, na kila kituo cha safari kinasikika katika lugha yenyewe. Anayetaka kuliandika penzi la namna hiyo kwa ukweli hana budi kuliandika kwa Kiswahili. Akiliandika kwa Kiingereza amelitafsiri.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza litatoka kwa wenzangu wa sanifu: tukiruhusu “kukatia” na “kuingia boksi” kitabuni, tutakuwa tumeivunja lugha. Jibu langu ni kwamba msimulizi anaweza kubaki sanifu huku wahusika wakisema kama watu. Walibora mwenyewe, ambaye taifa zima lilimjua kwa kusoma habari kwenye runinga kabla ya kifo chake Aprili 2020, aliandika Kiswahili kilichonyooka na bado kikapumua. Sanifu ni shamba. Halichafuki kwa kuota maua.

La pili ni zito zaidi, na sitalikwepa. Mzazi wa Manyatta au wa Igembe ataniambia: mwalimu, watu mashuhuri ndio wanaowaharibu wasichana wetu. Wanakuja na magari, na pesa, na ahadi. Unataka tuwape watoto vitabu vinavyosema staa ni mtu mzuri? Mzazi huyo hasemi uongo. Vitabu vyetu vya kuonya viliandikwa kwa sababu, na sababu hiyo haijaondoka.

Lakini nimewafundisha wasichana kwa miaka mingi, na nimeliona jambo moja. Onyo humfundisha msichana kukimbia. Halimfundishi kujibu. Katika vitabu tunavyompa, mwanamume mwenye jina akimsemesha, msichana ana mambo mawili tu: kutoroka, au kupotea. Hapewi sentensi hata moja ya kusema. Ndiyo maana, nikirudi kwa Sally Milz, namheshimu kuliko nilivyotarajia. Staa anaposema naye, anamjibu. Anamkosoa kuhusu kichekesho alichokiandika. Anamwambia kipi hakichekeshi. Anapokosea, anakosea kwa kusema kupita kiasi, si kwa kunyamaza. Msomaji wa miaka 17 anayefunga kitabu hicho ameona mwanamke wa kawaida akisimama mbele ya jina kubwa na kulipima kwa maneno. Ulinzi huo si mdogo. Na kwa sasa, msichana wa Meru na Embu anaupata kwa Kiingereza peke yake. Kwa Kiswahili tunampa jeneza.

Tuliposhuka Makutano, binti aliniambia, “Basi andika wewe, mwalimu.” Mimi si mwandishi wa riwaya. Lakini nilikaa usiku ule nikajaribu ukurasa mmoja, ili nijue kama nasema ukweli. Nikamtunga mwalimu wa Kiswahili wa kike huko Nkubu, na mwimbaji wa rumba wa Kisumu ambaye wimbo wake unapigwa kila matatu. Mwalimu amepata nambari yake kupitia njia ambayo sikuweza kuieleza vizuri, kwa hiyo niliiruka. Anamwandikia:

“Habari ya leo. Ninafunza Kiswahili hapa Nkubu. Wimbo wako mpya ni mzuri, isipokuwa kiitikio kina kosa la ngeli.”

Staa, ambaye amepokea jumbe mia mbili za kumsifu siku hiyo, anaijibu hii peke yake. “Kosa gani, mwalimu?”

“Unaimba ‘moyo yangu imekubali’. Moyo uko katika ngeli ya U-I. Ukiwa mmoja, hauwezi kuwa ‘yangu’.”

“Sasa nisemeje?”

“Moyo wangu umekubali.”

Simu inanyamaza kitambo. Kisha ujumbe unaingia. “Moyo wangu umekubali. Hapo nimesema vizuri?”

Mwalimu yuko katika chumba cha walimu, na marundo ya insha mbele yake. Anausoma ujumbe huo mara moja kama mwalimu, na mara ya pili si kama mwalimu. Anatambua kwamba ni yeye aliyemfundisha maneno hayo. Anafikiri muda mrefu, kisha anaandika: “Sarufi iko sawa. Maana tutaisahihisha baadaye.”

Hapo ndipo nilipoishia, maana usiku ulikuwa umeenda na kipawa changu pia. Lakini nilicheka peke yangu jikoni, na sijui ningekitungaje kichekesho hicho kwa Kiingereza, lugha ambayo moyo hauna ngeli. Ninaamini yuko kijana mahali fulani kati ya Thuci na Nyambene anayeweza kuandika kurasa mia mbili zilizobaki. Ninachowaomba wachapishaji ni kwamba akiwaletea mswada huo, wausome kwanza hadi mwisho kabla ya kumuuliza kama utaingia shuleni.

Na wewe binti wa matatu, ukiuona ukurasa huu, mwimbaji wetu bado anangoja jibu. Siku moja atajaribu kusema “muuga” na atakosea. Wewe ndiye unayejua mwalimu yule wa Nkubu atamwambia nini.